Kumpima ECG mgonjwa wa kiharusi, hatua kwa hatua

Haya nayaandikia wauguzi na maafisa wa kliniki wanaoanza kazi katika vituo vyetu vya Lamu. Juzi nilikuwa zamu na mwenzangu mgeni, akaniuliza: mgonjwa kaumia ubongo, sasa moyo tunaupimia nini? Tunaupima kwa sababu mbili. Huenda moyo ndio uliorusha donge la damu likaenda kuziba mshipa wa ubongo. Na huenda moyo ulikuwa mzima, ila ubongo ulioumia sasa unauvuruga. Unaposoma karatasi ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, maswali hayo mawili yawe kichwani tangu mwanzo, kwa sababu matibabu yake hayafanani.

Hatua ya 1: Yanayotangulia

Njia ya hewa, oksijeni, sukari, presha, na saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Hayo mnayajua. Nakumbusha moja tu: ECG isicheleweshe CT skani, ile picha ya ubongo. Dawa ya kuyeyusha donge ina dirisha la saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima, kwa hiyo kama boti ya kuvuka kwenda Mokowe, bara, iko tayari, mgonjwa aende.

Hatua ya 2: Ngozi

Hapa ndipo muda unapotea, wala vitabu havielezi. Mtu akipooza upande mmoja, nyumbani hukandwa kwanza: mafuta ya nazi, ya simsim, ya habasoda. Anapofika kwetu kifua na mikono inateleza, na elektrodi, kibandiko kinachonasa umeme wa moyo, haishiki. Ukiifuta kwa pamba kavu unayatandaza tu mafuta. Osha kwa maji na sabuni, kausha kwa taulo, kisha pitisha spiriti na uiache ikauke. Kifua chenye nywele nyingi kinyoe pale elektrodi inapokaa tu. Wakati wa kaskazi, joto linapozidi, jasho hurudi haraka, basi andaa elektrodi zote mkononi ndipo uanze kuzibandika.

Tazama pia mkono mzima. Ule uliopooza umetulia. Huu mzima ndio unaoshika chuma cha kitanda, unavuta shuka, unamtafuta mtoto wake. Mtetemo wake unaingia kwenye karatasi na kufanana kabisa na moyo uliovurugika. Mwombe jamaa aushike taratibu, au hamisha elektrodi za mikono karibu na mabega, pande zote mbili kwa kipimo kimoja, na uandike kwenye karatasi kwamba umezihamisha.

Kwa akina mama, funga pazia, tumia kanga, na elektrodi ya V4, ya nne kati ya sita za kifua, ikae chini ya ziwa, nafasi ya tano ya mbavu. Eleza kabla ya kugusa. Binti mmoja aliniuliza, "Dada, mama hajawahi kuugua moyo, mbona mwamvua?" Nikamwambia, "Mamangu, twatazama kama moyo ndio uliomletea haya. Kaa hapa umshike mkono, hatafunuliwa zaidi ya inavyohitajika." Alikaa, na mgonjwa akatulia.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kusoma

Kasi milimita 25 kwa sekunde, urefu milimita 10 kwa milivolti. Jina, tarehe, saa. Lidi ni mstari mmoja wa karatasi, moyo ukitazamwa toka pembe moja. Lidi I ikiwa imepinduka na lidi aVR imesimama juu, shuku kwanza kwamba waya za mikono zimebadilishana. Rekebisha, upime tena.

Hatua ya 4: Je, moyo ndio uliorusha donge?

Unachotafuta ni fibrilesheni ya atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama na kuganda. Hali hii huongeza hatari ya kiharusi kama mara tano, na viharusi vyake huwa vikubwa, vinaua zaidi na kulemaza zaidi.

Usiamini maneno yanayochapwa na mashine juu ya karatasi. Mimi huyafunika kwa kidole. Mashine huona mtetemo wa mkono ikauita fibrilesheni, na siku nyingine fibrilesheni ya kweli inaipita. Tumia kalamu ya risasi na kipande cha karatasi nyeupe. Chapa lidi ya II ndefu ya sekunde 10, weka ukingo wa karatasi chini ya vilele vya R, ile ncha ndefu ya kila pigo, tia alama vilele vinne, kisha isogeze mbele. Alama zikiendelea kuangukia vilele, mpigo una mpangilio, hata kama mstari wa chini umejaa mikwaruzo. Zikikosana kila unaposogeza, na wimbi P, kilima kidogo kinachotangulia kila pigo, halionekani, hasa kwenye V1, hiyo ni fibrilesheni. Mapigo ya ziada hukosanisha alama pia, ila baina yao mpangilio hurudi na P ipo. Kasi ihesabu kwa vilele vya sekunde 10 mara sita. Ile hesabu ya 300 kugawa kwa miraba mikubwa haifai pale mpigo unaporukaruka.

Karatasi ikiwa safi, usiandike "hana" ukamaliza. Fibrilesheni huja na kuondoka. Katika utafiti wa EMBRACE wa mwaka 2014, waliofuatiliwa siku 30 ilionekana kwa asilimia 16.1, na waliopimwa saa 24 tu kwa asilimia 3.2. Kama mashine ya kufuatilia moyo ipo, mgonjwa abaki nayo angalau saa 24. Kama haipo, shika kifundo cha mkono dakika nzima kila unapochukua presha, na mpigo ukiyumba piga ECG papo hapo.

Ukiipata, mjulishe daktari, lakini warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, isianzwe kabla ya CT skani kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Kwa fibrilesheni, warfarini hupunguza viharusi kwa takriban theluthi mbili, aspirini kama sehemu moja ya tano tu. Sikiliza pia vali. Mgonjwa kijana mwenye vali iliyobana kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni hufaa warfarini kuliko dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroxaban. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha wanaotumia rivaroxaban walifariki zaidi.

Hatua ya 5: Je, ubongo unauvuruga moyo? Anza na QT

QT ni muda ambao moyo hutumia kupiga na kujipanga upya. Pima lidi ya II au V5, toka mwanzo wa QRS, lile pigo lenye R, hadi mwisho wa T, wimbi linalolifuata. Mfano: QT miraba midogo 11 ni sekunde 0.44, R hadi R miraba 20 ni sekunde 0.80. Kisha rekebisha kwa kasi ya moyo: kwa kanuni ya Bazett utapata milisekunde 492, kwa Fridericia 474. Moyo ukienda mbio, Bazett hukuza mno, kwa hiyo mimi natumia Fridericia. Zaidi ya 450 kwa mwanamume au 460 kwa mwanamke ni ndefu. Ikipita 500, moyo unaweza kuingia mpigo wa kuua. Angalia potasiamu na magnesiamu, kisha soma chati ya dawa: kwinini, azithromycin, ciprofloxacin, haloperidol na ondansetron zote hurefusha QT. Homa ya mgonjwa isikufanye uzirundike pamoja.

Hatua ya 6: T na ST

Mawimbi ya T mapana yaliyopinduka kwa kina, pamoja na QT ndefu, Burch na wenzake waliyaeleza mwaka 1954 kwa wagonjwa wa kiharusi. Huonekana sana damu inapovuja chini ya utando wa ubongo, na pia sehemu ya ubongo iitwayo insula inapoumia. Lakini usiukabidhi ubongo kila kitu. ST iliyopanda, yaani kipande kati ya QRS na T, huenda ni mshtuko wa moyo uliokuja pamoja na kiharusi. Omba troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo ulioumia, na urudie ECG. S, ile ncha ya chini baada ya R, ya V1 ikijumlishwa na R ya V5 ikafika milimita 35, moyo huenda umenenepa kwa presha ya miaka mingi.

Wenye fibrilesheni, QT ndefu au ST iliyobadilika kwa jumla huwa na matokeo mabaya zaidi. Sehemu ya sababu ni kwamba kiharusi chenyewe ni kikali au moyo ulishachoka. Kwa hiyo usiwaambie jamaa kwamba karatasi imemhukumu mgonjwa. Mweke karibu na meza ya wauguzi.

Hatua ya 7: Rudia na utunze

Rudia baada ya saa 24, na wakati wowote akibadilika. Mabadiliko yaliyoletwa na ubongo husogea na mengi hufifia kwa siku au wiki. Kovu la zamani la moyo halisogei. Ndiyo maana karatasi ya kwanza ina thamani kubwa. Ile ya mashine hupauka kwa joto na mwanga, na kwetu hupauka upesi. Toa fotokopi siku hiyohiyo. Nakala ibaki kwenye faili, ya asili ifungwe pamoja na barua ya rufaa ndani ya mfuko wa plastiki, isilowe botini.