Jike akishazaa, apandishwe tena lini?

Hesabu miezi 12 kuanzia siku aliyozaa, kisha umpe dume kwenye joto ambalo uzao wake hautakuja kabla ya hapo. Nafuga mbwa aina ya German Shepherd hapa Njiro, Arusha, na swali hili hunijia sana mwisho wa mwaka, ada za shule zinapokaribia na mtu anakumbuka jinsi watoto wa uzao uliopita walivyogombaniwa. "Mama, jike yuko kwenye joto na dume yupo, tusilipoteze joto hili." Mimi nasema lipoteze. Lakini miezi 12 ni mahali pa kuanzia tu, kwa hiyo fuatana nami uone inavyopangwa.

Anzia ndani ya tumbo, maana huko ndiko wengi hawaoni. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Kila mtoto hujishikiza na kondo lake kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na akitoka anaacha jeraha palepale. Jike aliyezaa watoto 9 ana majeraha 9. Nje utaona uchafu wa kijani kibichi siku za mwanzo, kisha wa kahawia au wenye wekundu, halafu unakoma ndani ya wiki chache na mwenye mbwa anaamini mambo yamekwisha. Ndani bado. Majeraha yale huhitaji wiki 12 hadi 15 kupona sawasawa. Ukiona damu inaendelea kudondoka baada ya wiki 6, mpeleke kwa daktari wa mifugo, usisubiri ikatike yenyewe.

Sasa tuweke tarehe. Majike wengi huingia kwenye joto kila baada ya miezi 6 au 7, ndiyo maana tumezoea kuambiana "ruka joto moja". Tuseme jike wako alianza joto tarehe 5 Januari, akapandwa tarehe 16. Atazaa karibu na tarehe 20 Machi. Watoto wataondoka katikati ya Mei wakiwa na wiki 8, si chini ya hapo. Joto linalofuata litamkuta mwezi wa saba, miezi minne tu tangu azae. Hilo liruke. La Februari mpandishe, azae Aprili. Uzao hadi uzao ni miezi 13, na humo katikati amepata nusu mwaka na zaidi bila mimba wala ziwa la kunyonyesha.

Tatizo ni kwamba si mbwa wote wanaofuata kalenda hiyo. Kwa German Shepherd hasa, wapo wanaorudi kwenye joto kila miezi 4 au 5. Sheba wangu ni wa namna hiyo. Kwake, kuruka joto moja ni sawa na kutopumzika, kwa sababu joto la kwanza linamkuta chuchu bado zinaning'inia. Kwa jike wa hivi, mawili hurukwa bila mjadala. Upande mwingine yupo Basenji, mbwa wa asili ya Kongo, ambaye kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka. Huyo ukimrusha joto moja umemweka miaka miwili bila sababu. Ndiyo maana nasisitiza uhesabu miezi, na uhesabu tangu kuzaa. Nunua daftari. Andika siku damu ilipoonekana, siku alizokubali dume, siku aliyozaa, watoto wangapi walitoka na wangapi waliishi. Bila daftari utakuwa unakisia.

Uingereza wameliweka jambo hili kwenye kanuni. Kule England, kwa kanuni za 2018, mfugaji mwenye leseni haruhusiwi kumzalisha jike zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12. The Kennel Club, chama cha huko kinachosajili mbwa, tangu 2012 hawasajili uzao wa tano wa jike yuleyule. Mimi nafuata mipaka hiyo hapa kwangu: uzao 4, basi.

Kuna madaktari wenye hoja tofauti na ni haki uisikie. Wanasema baada ya kila joto, jike awe na mimba asiwe nayo, homoni ya projesteroni hukaa juu kwa takriban miezi miwili na kuuchosha mfuko wa uzazi. Kwa hiyo joto tupu nalo lina gharama yake, na jike mwenye afya anaweza kuzaa mara mbili mfululizo kisha akapumzishwa mapema na kufungwa kizazi. Hoja ina uzito. Ila inamhusu jike ambaye joto lake huchelewa, aliyezaa watoto wachache, anayekula vizuri, na aliye karibu na daktari mwenye kipimo cha altrasaundi. Kwa mazingira yetu ya kupe na ugali mtupu, sioni ni wangapi wanaofika hapo.

Mwezi mmoja kabla ya joto unalolikusudia, mkague kwa mikono. Macho hudanganywa na manyoya. Weka viganja ubavuni, usikandamize, vivute polepole kurudi nyuma. Mbavu zikupite vidoleni moja moja chini ya ngozi laini, zisikuchome na zisijifiche. Pandisha mkono kwenye uti wa mgongo juu ya kiuno. Zikichomoza ncha ncha, bado hajarudi, hata kama hesabu ya miezi imetimia. Kisha tazama manyoya: baada ya kunyonyesha jike hunyonyoka mafungu mafungu, na mimi humsubiri mpaka koti jipya lijae mpaka mkiani. Inua mdomo uone fizi. Zinatakiwa ziwe na rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe, fikiria homa ya kupe au minyoo kabla ya kufikiria dume, na damu ipimwe. Mwambie daktari apime na brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, na dume naye akaguliwe uvimbe wa sehemu za siri, maana uvimbe ule huambukizwa kwa kupandana.

Mapumziko yenyewe ni kumlisha. Wiki ya tatu na ya nne ya kunyonyesha jike mwenye watoto wengi hula hata mara tatu ya chakula chake cha kawaida, na akipungukiwa anautumia mwili wake mwenyewe. Mrudishie kwa dagaa, matumbo, mayai, nyama ya kichwa. Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba kwa kudhani unamsaidia. Vinaweza kumletea homa ya maziwa, atetemeke na kukakamaa akiwa ananyonyesha, na hiyo inaua.

Kuruka joto nako ni kazi. Siku 9 hivi za mwanzo hutoa damu na huwakataa madume. Siku 9 nyingine damu hupauka, anaweka mkia pembeni na kukubali. Hizo ndizo za hatari, lakini mfungie wiki 3 kamili, kwenye banda lenye paa, kwa kuwa dume wa mtaani hapiti getini, huruka ukuta. Akishapandwa na wawili, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Sindano za kuzuia joto ziache kabisa: zinaongeza hatari ya usaha kwenye mfuko wa uzazi na uvimbe wa matiti. Joto likishapita, mtazame miezi miwili. Akinywa maji kupita kiasi, akikataa chakula, au akitoa uchafu unaonuka, ni hospitali siku hiyohiyo.

Aliyepasuliwa ili azae namwongezea muda mpaka daktari aridhike, na akipasuliwa mara ya pili simpandishi tena. Aliyepoteza watoto wote naye anasubiri kama wengine, kwa sababu mfuko wa uzazi ulibeba mimba ileile. Ambaye hajazaa bado simpandishi kabla ya joto la pili au la tatu, akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Baada ya uzao wa nne, maziwa yakishakauka kabisa, anakwenda kufungwa kizazi na anabaki kuwa mlinzi wa nyumba. Mnunuzi akikuuliza kama huyo mama anauzwa, mwambie hauzwi.