Beaujolais inywewe ikiwa na ubaridi kidogo

Divai nyekundu nyepesi kama Beaujolais ya Ufaransa, ya zabibu za Gamay, ipoze kwanza: ndoo nusu barafu nusu maji, chupa izame hadi shingoni, dakika 10 hivi kama ilikuwa nyuzi 22. Lenga nyuzi 13. Usiache kutia maji, barafu tupu haiigusi chupa yote. Ikiwa na joto, pombe hupanda puani na kufunika harufu ya cheri na stroberi. Ikipoa huchangamka, na kwa kuwa tanini yake (ukakasi wa maganda ya zabibu unaokausha mdomo) ni kidogo haikwaruzi ulimi. Ikishuka chini ya nyuzi 10 harufu hujificha. Ipashe glasi kwa viganja. Moulin-à-Vent, ingawa nayo ni Beaujolais, ina tanini zaidi: iishie nyuzi 16. Bordeaux nyekundu changa, divai nyingine ya Ufaransa yenye tanini nyingi, usiipoze hivi kabisa, itakuwa chungu na kukausha mdomo.