Jinsi ya kupanga adhabu za rafu mbaya kwenye ndondo yenu, msije mkakimbizana kama sisi

Wadau, mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya kombe moja la mtaani hapa Mwanza, kata sitaji, na nusura tuchaniane mashati kwa adhabu mbili tu. Robo fainali beki wa timu ya bodaboda alimrukia mtu miguu miwili, jamaa akainuka akajikung'uta vumbi akaendelea na mpira wake, sisi tukampa beki mechi 1. Wiki iliyofuata kijana wa timu ya wavuvi akaruka vilevile, ila huyu aliyechezewa akavunjika mguu akakimbizwa hospitali na bajaji, tukamlima kijana mechi 6. Wavuvi walikuja kikaoni na makasia, siwatanii. Na haki walikuwa nayo.

Basi nikaanza kuchimba wenzetu wanafanyaje, nikanasa kwenye hoki ya barafuni, ile ligi ya NHL ya Marekani na Kanada, mechi nyingi huanza kama saa tisa usiku kwa saa zetu, taa za dagaa bado zinawaka ziwani na mimi niko na bando. Kule kumgonga mtu bega ni halali kabisa, watu wanalipa kiingilio waone hilo, kwaiyo kazi yao ngumu kuliko yetu, lazima waseme bega hili mchezo, hili limevuka. Tangu 2011 wana idara maalum ya usalama wa wachezaji, wa kwanza kuiongoza Brendan Shanahan aliyekuwa mchezaji, na bado wanalaumiwa kila siku. Nimechota mazuri yao na makosa yao pia.

Anza na hili: kipimo kiandikwe kabla filimbi ya kwanza haijalia. Tarehe 7 Machi 2010 Matt Cooke wa Pittsburgh alimpiga Marc Savard wa Boston kichwani akitokea upande ambao mwenzie haoni, Savard akapata mtikisiko wa ubongo, Cooke hakufungiwa hata mechi 1 kwa sababu kanuni ya wakati ule haikukataza pigo la namna hiyo. Kanuni mpya ikaja mwezi huohuo, Savard keshaumia. Sisi tumeandika hivi, nyie badilisheni mtakavyo: mguu uliochelewa mpira, mechi 1 hadi 2. Miguu miwili, au daluga juu ya goti, 3 hadi 4. Kipepsi cha makusudi au kumpiga mtu mpira uko mbali, 5 kwenda juu. Nahodha wa kila timu anasaini, hata kama mwandiko wake kama wa kuku.

Likitokea sasa, pimeni kitendo kwanza, hapa ndipo tulipoharibu. Kila mjumbe aandike namba yake kwenye karatasi kabla hajaambiwa majeruhi anaendeleaje, mkishakubaliana ndo mnaulizia mguu. NHL wao jeraha wanalihesabu kwenye urefu wa adhabu na historia ya mchezaji pia, mimi sina shida nalo, ila kwetu jeraha linaongeza mechi 1 au 2 basi, mana mfupa kuvunjika au kutovunjika mara nyingi ni bahati ya mchezewaji, na uwanja wetu wenyewe una mawe. Video ipo siku hizi, hakukosi mtu juu ya jiwe anarekodi, ila iangalieni kwanza kwa mwendo wake wa kawaida, ukiipunguza kasi hata mtu aliyeteleza anaonekana kadhamiria.

Ndugu atoke nje. Kule aliyekuwa anasimamia adhabu kabla ya Shanahan, Colin Campbell, mwanae alikuwa anacheza Boston, kwaiyo kesi za Boston hakuzigusa, fainali ya 2011 Aaron Rome wa Vancouver alipomwangusha Nathan Horton wa Boston aliyetoa mechi 4 ni Mike Murphy. Kwetu ni balaa zaidi, mwenyekiti ni mjomba wa winga, mweka hazina kaoa kwa kipa. Tafuteni wajumbe wawili wa akiba kutoka kata nyingine kabisa.

Faini za hela mi nimezifuta. Mei 2021 Tom Wilson wa Washington alimpiga ngumi mtu aliyelala chini kwenye barafu na purukushani ileile ikamuumiza Artemi Panarin, adhabu yake dola 5,000, mtu mwenye mkataba wa dola milioni 31 kwa miaka 6! Timu ya Panarin, New York Rangers, ikatoa tamko kali kumsema mkuu wa idara George Parros, wakapigwa faini dola 250,000. Maneno yamezidi ngumi mara 50, we niambie. Hapa kwetu elfu ishirini analipa patron, mchezaji hata haijui, Jumapili yuko uwanjani. Mchezaji anaumia akikaa benchi, kombe likiisha kabla adhabu haijaisha inahamia kombe lijalo, kama Raffi Torres, mchezaji wa NHL aliyefungiwa 2012 akaingia nayo msimu uliofuata.

Huyu Torres ndo wa kufundishia habari ya kurudia, 2012 alipewa mechi 25 rufaa ikashusha hadi 21, 2015 akarudia, wakampa 41. Rekodi wekeni kwenye daftari, sio kichwani mwa katibu. Ila historia iongeze adhabu tu, isigeuze faulo ya kawaida kuwa kosa eti kwa kuwa jamaa ana jina baya.

Rufaa isikilizwe haraka, sisi tumeweka saa 24 mana mechi zinafuatana. Huyohuyo Wilson 2018 alifungiwa 20, msuluhishi akaja kuzishusha hadi 14 wakati jamaa keshakaa nje 16, mbili zile nani anamrudishia?

Halafu elezeni. Wale hutoa video wakionyesha pigo na sababu, sisi voice note ya dakika moja kwenye grupu inatosha: alifanya nini, kipengele gani, mechi ngapi, kwanini sio zaidi. Mjumbe mmoja asome, wengine wakae kimya hata wakitukanwa.

Kikao cha kusaini kanuni ni Jumamosi saa kumi, kila timu ije na nahodha na patron, na wavuvi nimeshawaomba makasia wayaache mwaloni.