Somo: Kuzibua Mishipa ya Moyo, Kuanzia Picha ya Mishipa hadi Vidonge vya Nyumbani

Wiki hii wanachama watatu wameniuliza jambo lile lile: mzee wa nyumbani ameambiwa kwamba mshipa wa moyo umeziba, fomu ya ridhaa imeshawekwa mbele yake, na familia haijui kwa hakika kinachokwenda kufanyika. Nimekuwa muuguzi katika chumba cha katheta, yaani pale mishipa ya moyo inapopigwa picha na kuzibuliwa, kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba mgonjwa aliyeelezwa hatua hizi hulala mezani akiwa mtulivu zaidi na, jambo lililo kubwa kuliko hilo, hutunza vidonge vyake baadaye. Somo hili halishiki nafasi ya daktari wenu. Ni la kuwasaidia kumuuliza maswali yanayofaa.

Kabla ya yote: ni dharura au si dharura?

Moyo husukuma damu ya mwili mzima, lakini misuli yake yenyewe hulishwa na mishipa miembamba inayotambaa juu yake, yenye upana wa milimita 3 au 4 hivi pale inapoanzia. Upande wa kushoto kuna shina fupi linalogawanyika matawi mawili makubwa, moja likishuka mbele ya moyo na jingine likizunguka nyuma. Upande wa kulia una mshipa wake. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya ndani ya ukuta wa mishipa hiyo, hasa kwa mwenye kisukari, shinikizo la juu la damu, lehemu (kolesteroli) nyingi au mvutaji wa sigara. Njia ikishakuwa nyembamba sana, mtu hubanwa kifua anapopanda ngazi na hupata nafuu akipumzika. Hiyo ni hali tulivu, na inatoa muda wa kufikiri.

Dharura, yaani shambulio la moyo, ni kitu kingine. Utando unaofunika mafuta hayo hupasuka ghafla, damu huganda juu ya jeraha, njia huziba kabisa, na misuli iliyo mbele ya kizuizi huanza kufa dakika baada ya dakika. Mtu hubanwa kifua hata akiwa ameketi, hutokwa jasho jembamba, na maumivu yanaweza kupanda hadi tayani au kushuka mkono wa kushoto. Kwa wanawake na wenye kisukari huenda ikawa ni kichefuchefu na kukosa pumzi tu. Hapa hakuna kusubiri kesho.

Ninalisisitiza hili kwa sababu faida ya kuzibua hutofautiana. Katika dharura, kuzibua mapema huokoa maisha. Katika hali tulivu, tafiti kubwa zimeonyesha kwamba stenti, yaani wavu mdogo wa chuma unaowekwa ndani ya mshipa, hupunguza maumivu ya kifua, lakini kwa wagonjwa wengi haizidi dawa nzuri katika kuzuia kifo. Kwa hiyo mwenye hali tulivu ana haki kamili ya kuuliza: je, dawa zangu zimeshajaribiwa ipasavyo?

Hatua ya kwanza: maandalizi

Mgonjwa hupimwa damu, hasa utendaji wa figo, kwa kuwa dawa ya rangi inayotumika kupiga picha hutolewa mwilini na figo. Mtaje mzio wowote na dawa zote anazotumia. Anayetumia metformini kwa kisukari anaweza kuambiwa aisimamishe kwa muda. Hufunga kula kwa saa chache, na hupewa aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia chembe za damu zisishikamane, mara nyingi klopidogreli.

Hatua ya pili: picha ya mishipa

Mgonjwa hubaki macho. Ngozi ya kifundo cha mkono, au ya kinena, hutiwa ganzi, kisha mrija mwembamba uitwao katheta huingizwa kwenye mshipa na kusukumwa taratibu hadi penye mlango wa mishipa ya moyo. Hausikiki ukipita. Dawa ya rangi hupulizwa, eksirei huonyesha njia zote kwenye skrini, na pale palipobanwa huonekana kama mto uliominywa na miamba. Kwa kawaida mshipa uliobanwa kwa asilimia 70 au zaidi huhesabiwa kuwa tatizo kubwa. Kwa lile shina la kushoto, asilimia 50 inatosha kuwatia madaktari wasiwasi. Pale ambapo picha peke yake haikati shauri, waya mwembamba wenye kipimo cha msukumo hupitishwa ili kujua kama damu inapungua kweli.

Hatua ya tatu: puto na stenti

Waya laini huvushwa penye kizuizi. Puto dogo lililokunjwa huteleza juu ya waya huo, hujazwa kwa sekunde chache, na kupanua njia. Mgonjwa anaweza kubanwa kifua kidogo wakati huo, na anapaswa kusema. Andreas Grüntzig alifanya hivi kwa mara ya kwanza kwenye mshipa wa moyo mjini Zürich, Septemba 1977. Tatizo lilikuwa kwamba mishipa mingi iliyopanuliwa kwa puto peke yake ilibana tena ndani ya miezi michache, na ndiyo maana tangu mwaka 1986 wataalamu walianza kuacha ndani wavu wa chuma, yaani stenti, unaoshikilia njia iwe wazi. Stenti za siku hizi hupakwa dawa inayozuia ukuta wa mshipa usiote kupita kiasi.

Stenti haitolewi tena. Kwa miezi ya mwanzo chuma hicho kiko wazi ndani ya damu, na damu hupenda kuganda juu ya kitu kigeni, mpaka utando mpya wa mshipa utakapokifunika.

Hatua ya nne: vidonge

Kwa hiyo hatua hii ni sehemu ya matibabu yenyewe. Dawa mbili za kuzuia kuganda kwa damu hutumiwa pamoja kwa miezi 6 hivi kwa aliyekuwa na hali tulivu, na kwa kawaida miezi 12 kwa aliyepata shambulio la moyo. Baadaye hubaki moja, mara nyingi aspirini. Daktari anaweza kufupisha muda huo kwa mwenye hatari ya kutokwa na damu, lakini uamuzi ni wake. Bonge la damu likiziba stenti, ni shambulio la moyo jipya, na mara nyingi kubwa. Statini ya kushusha lehemu nayo huendelea, kwa sababu kilichozibuliwa ni sehemu moja tu, ilhali ugonjwa uko kwenye mishipa yote.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Baba mdogo alipatwa na shambulio la moyo akiwa Sumbawanga, akachomwa sindano tu. Je, alinyimwa haki yake?*

Marahaba, mdogo wangu. La, hakunyimwa. Mahali ambapo mgonjwa hawezi kufikishwa kwenye chumba cha katheta ndani ya saa 2 hivi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ikitolewa mapema, ndiyo tiba sahihi. Hata hivyo safari haiishii hapo: apelekwe hospitali yenye uwezo wa kupiga picha ya mishipa, kama vile Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

*Kwa nini jirani yetu aliwekewa stenti akatoka kesho yake, na mama yetu mwenye kisukari anaambiwa afunguliwe kifua?*

Huenda mishipa yake yote mitatu imebanwa, au shina la kushoto limeguswa. Kwa mwenye kisukari aliye na mishipa mingi iliyoziba, upasuaji wa kupandikiza mishipa umeonekana kumpa maisha marefu kuliko stenti. Daktari huchukua mshipa wa mguuni na mwingine wa ndani ya kifua, akaiunganisha ili damu ipite pembeni ya vizuizi. Kupona huchukua wiki 6 hadi 12. Najua inatisha, lakini msimchagulie mama njia nyepesi kwa sababu ni nyepesi. Ombeni daktari wa katheta na daktari wa upasuaji wakae pamoja juu ya picha yake.

*Je, kitunguu saumu na ndimu vinazibua mishipa?*

Hakuna ushahidi kwamba vinazibua. Kitunguu saumu cha kawaida mbogani hakina neno. Kinywaji kizito cha kila siku kinaweza kuongeza uvujaji wa damu kwa anayetumia vidonge hivi, kwa hiyo mwambieni daktari.

*Ramadhani inakaribia, na mzee anataka kufunga.*

Aliyewekewa stenti au kupata shambulio wiki chache zilizopita hashauriwi kufunga. Mwenye hali iliyokwisha kutulia aonane na daktari mapema, ili vidonge vipangwe wakati wa futari na daku bila kurukwa.

*Daktari wa meno amemwambia mume wangu aache vidonge siku 7 kabla ya kung'olewa jino. Stenti ina miezi 3.*

Mama, asiache hata siku moja kabla ya kuzungumza na daktari wake wa moyo. Jino moja mara nyingi hung'olewa dawa zikiendelea, damu ikizuiwa kwa pamba na mshono. Mpelekee daktari wa meno kadi ya stenti aliyopewa siku ya kutoka hospitalini, yenye tarehe na aina ya stenti, na uwaombe wapigiane simu.