Namna ya kuandika habari za kimataifa bila kuwaacha wanawake nje

Kazi yangu ni kuandaa taarifa ya habari za dunia kwa Kiswahili, redioni, hapa Kampala. Wanaotusikiliza ni madereva wa malori wanaosubiri karatasi za forodha mpakani Malaba, wafanyabiashara wa Kikuubo, wanajeshi, na Wakongomani wa Katwe na Nsambya wanaotaka kujua Goma kumeamkaje. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huniuliza habari za jinsia ziwekwe sehemu gani ya taarifa. Huwajibu kwamba zimo ndani ya kila habari: vita, mafuta, riadha, mkopo wa Benki ya Dunia. Ukizisubirisha mpaka Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, siku nyingine zote utawasomea watu dunia isiyo na wanawake.

Anza kwa kuhesabu. Fungua daftari, chora safu, na kwa kila habari uandike nani ametajwa, nani amesikika kwa sauti yake, na amesikika kama nani: kiongozi, msemaji, mtaalamu, shahidi, au mtu aliyefikwa na jambo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangalia kwa makini. Mara nyingi utawakuta wanawake wamejazana kwenye waliofikwa, na wanaume wamejazana kwenye utaalamu. Hali ni hiyohiyo kwingine. Utafiti wa dunia wa ufuatiliaji wa vyombo vya habari, GMMP, ulipofanywa mara ya kwanza mwaka 1995 ulikuta wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaotajwa au kusikika kwenye habari. Mwaka 2020, katika nchi zaidi ya 100, walikuwa asilimia 25. Mwaka huo wa 1995 ndio wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella wa Tanzania, na maazimio yake yana sura nzima kuhusu wanawake na vyombo vya habari. Nalitaja hili kwa sababu bado wapo wahariri wanaodhani jambo hili limeletwa juzi na wafadhili.

Ukihesabu, watenge wale unaowachagua mwenyewe na wale usiowachagua. Huo ndio utaratibu alioutumia mtangazaji Ros Atkins wa BBC tangu 2017 katika mpango wao wa nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume, nao unafaa hata kwa kituo kidogo. Rais akihutubia taifa, hukumchagua wewe. Mchambuzi wa kumfafanua rais umempigia simu wewe. Hapo ndipo penye uhuru wako, na hapo ndipo pa kudaiwa. Wala usiridhike na hesabu ya viongozi peke yao. Mwaka 2022 nchi yetu ilikuwa na Makamu wa Rais Jessica Alupo, Waziri Mkuu Robinah Nabbanja na Spika Anita Among, wote kwa wakati mmoja. Siku wote watatu wanapozungumza, daftari litaonyesha usawa wa kupendeza, na muuza nyanya wa soko la Owino atakuwa hajasikika hata sekunde moja.

Kuhusu wataalamu, tengeneza orodha yako ya simu kabla ya kuihitaji: mwanamke wa madeni ya serikali, wa ulinzi, wa sheria za bahari, wa bei ya kahawa. Mpigie kwa fani yake. Ukimpigia mchumi wa madeni na kumuuliza habari za akina mama tu, umempotezea muda. Wengi watakataa mara ya kwanza, watakuambia umtafute bosi wao. Mtumie maswali mapema, na urekodi saa nne asubuhi badala ya saa moja jioni, wakati mtu mwenye watoto ana mikono miwili tu. Mhariri mkuu akisema dakika hazitoshi, usiombe dakika. Badilisha: sekunde 30 za mchambuzi yuleyule wa kila wiki mpe mwingine.

Sasa tuje kwenye sentensi zenyewe, maana habari nyingi za dunia zinatufikia zikiwa zimeandikwa tayari na mashirika makubwa, nasi tunazitafsiri mbiombio. Tuchukue kifo cha Rebecca Cheptegei, kilichotuuma Waganda na kusambaa dunia nzima. Rebecca alikuwa mwanajeshi wa UPDF, jeshi la Uganda, na mwanariadha wetu. Alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024 na kumaliza wa 44. Septemba 1, nyumbani kwake Endebess, upande wa Kenya, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto akiwa ametoka kanisani na binti zake. Alifariki Septemba 5, hospitalini Eldoret.

Mwanafunzi wangu angeniletea hivi: “Mwanariadha wa Olimpiki afariki kufuatia ugomvi wa ardhi na mpenzi wake.” Itazame polepole. Afariki: hakuna aliyetenda. Ugomvi: wanaonekana wawili waliopigana. Ardhi: msikilizaji ameshapewa sababu, na sababu inaanza kufanana na udhuru. Ningeirekebisha hivi: “Mwanariadha Rebecca Cheptegei afariki, polisi wasema mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye alimmwagia petroli na kumwasha moto.” Mtendaji yupo, na anayedai yupo pia, maana kesi haikufika mahakamani, mshukiwa mwenyewe alifariki siku chache baadaye kwa majeraha ya moto uleule. Ile ardhi iende aya ya tatu, kama maelezo ya polisi, kando ya maelezo ya baba yake kwamba familia ilikuwa imeshapeleka malalamiko polisi. Msikilizaji akizisikia kauli hizo mbili pamoja, atauliza swali linalostahili.

Kisha itoe habari nje ya nyumba moja. Agnes Tirop aliuawa Iten, Kenya, Oktoba 2021. Damaris Muthee aliuawa Iten Aprili 2022. Wanariadha watatu wa kike ndani ya miaka mitatu, katika ukanda huohuo wa mazoezi wa Bonde la Ufa: hapo swali linahamia kwenye fedha za ushindi. Nani anazishika? Hati ya shamba ina jina la nani? Kocha ndiye mume, au mume ndiye meneja? Na usimwache Rebecca abaki moto peke yake. Alishinda dhahabu ya mbio za milimani Chiang Mai, Thailand, mwaka 2022. Sema hivyo kwenye taarifa, kwa sauti ileile ambayo ungeitumia kwa bingwa wa kiume.

Uangalifu huohuo unahitajika kwenye habari za vita vya kaskazini mwa Uganda. Februari 4, 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA, kwa makosa 61, yakiwemo ya ndoa za kulazimisha na mimba za kulazimisha. Hivyo msichana aliyetekwa usimwandike “mke wa kamanda”. Andika alitekwa, akalazimishwa kuishi naye. Na jinsia ni pamoja na wanaume: Ongwen mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, na shirika la Refugee Law Project hapa Kampala kwa miaka mingi imekuwa ikiwasaidia wanaume wakimbizi waliobakwa vitani, ambao kwenye habari karibu hawapo kabisa.

Habari za uchumi ndizo zinazoachwa zaidi, ilhali maswali yake ni rahisi kuuliza. Bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Tanga, kilomita 1,443, hutufikia kama habari ya kampuni za mafuta za TotalEnergies na CNOOC, mabenki na wanaharakati wa mazingira. Wewe shuka mpaka kwenye fomu ya fidia. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mwenza kabla ardhi ya familia haijauzwa. Basi uliza fomu ilisainiwa na nani, na akaunti ya benki ina jina la nani. Mihogo iliyolipiwa ilipandwa na nani? Mke wa pili asiye na cheti cha ndoa aliandikwa wapi? Mjane anayelima shamba lenye jina la shemeji yake alipewa nini? Usiende na jibu mfukoni, huenda ukakuta nyumba ambazo jina la mama lipo. Ila swali liulize wilayani Kikuube, na uliulize vilevile makao makuu ya TotalEnergies Paris.

Lililobaki ni gumu kuliko yote, nalo ni kuwahoji akina mama waliopitia vita. Nimewahi kuongozana na waandishi wa kigeni kama mkalimani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro, na mara nyingi ombi la kwanza huwa lilelile: tutafutie mwanamke aliyebakwa. Ukiombwa hivyo, kataa kuulizia kambi nzima. Omba mahojiano kuhusu mgao wa chakula, cherehani, biashara ya vitenge, uongozi wa kijiji. Mama mwenyewe ndiye mwenye kuamua kama atafika kwenye ubakaji, na akifika utakuwa umeshamjua kama mtu.

Kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu cha kuingia makazini unacho, lakini mwenyekiti wa kijiji atataka kukaa kikaoni. Mhoji yeye kwanza, kwa kirefu, kwa heshima zote, umpige na picha. Kisha mweleze kwamba yanayofuata ni mazungumzo ya akina mama. Mkalimani awe mwanamke, na asiwe jirani. Mama akijua Kiswahili cha Kivu, ongeeni wenyewe. Hapo kuna jambo la kujihadhari ambalo wageni hawalioni: sisi tunamwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kinasa sauti hakisahau. Ukisema “Mama Furaha” mara moja, umeshamtambulisha kwa kijiji kizima alichokikimbia. Mwite Mama tu, au Dada kama ni wa umri wako.

Ridhaa haipatikani kwa swali moja la “unakubali?”. Mweleze safari ya sauti yake: itatoka redioni, itaingia mtandaoni, itatumwa kwa WhatsApp mpaka Bukavu na Uvira, na aliyemtendea anaweza kuisikia. Muulize nani kule anajua kwamba yuko Nakivale. Halafu nyamaza, umpe muda. Kubadilisha jina hakutoshi. Idadi ya watoto, kanisa analosali na kovu la mkononi vinamtaja vilevile. Mwongozo wa Murad wa mwaka 2022, wa namna ya kuwahoji walionusurika ukatili wa kingono vitani, unaobeba jina la Nadia Murad aliyetunukiwa Nobeli ya Amani ya 2018 pamoja na Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, unamtaka anayehoji ajiulize kwanza kama mahojiano hayo yanahitajika kweli. Mama huyu huenda ameshayasimulia kwa polisi, kwa daktari, kwa shirika hili na lile. Tukio la hatua kwa hatua linahitajika mahakamani. Redioni inatosha kusema alibakwa, na nani waliokuwa wameshika eneo lile siku hizo. Akisema basi, zima kinasa palepale. Mtoto aliyezaliwa baada ya ubakaji usimpige picha, hata kwa mgongo.

Atakuuliza utamsaidiaje. Usiahidi kuhamishiwa Kanada wala kutafutiwa daktari. Sema wazi kwamba wewe ni mwandishi, rudisha nauli kama ametembea mbali, na umwachie nambari ya shirika linalotoa ushauri pale makazini, ambayo umeihakiki kabla ya kuondoka Mbarara.

Habari ikisharuka, mpigie kupitia mtu aliyemchagua yeye, umsikilizishe. Akitaka kipande kitolewe mtandaoni, kitoe, hata kama ndicho kilichopendwa zaidi. Rekodi ghafi ihamishe mahali salama, uifute kwenye simu. Na waandishi wengine watakupigia, maana habari nzuri haikosi wanaoitaka: nambari yake usiitoe kwa yeyote kabla hujamuuliza mwenyewe, hata kama anayeomba ni rafiki yako wa London anayetakiwa kuwasilisha kazi kesho asubuhi.