Kutengeneza Mkaa wa Maganda ya Chikichi Vijijini Kigoma

Katika vijiji vya Kigoma vinavyokamua mawese, maganda magumu yanayobaki baada ya kuvunja mise (kokwa za chikichi) hurundikwa kando ya mashine, ilhali kuni za kuchemshia chikichi zinaendelea kukatwa kwenye miombo. Kikundi chenye pipa moja la lita 200 kinaweza kuyageuza maganda hayo kuwa mkaa wa kupikia.

Kwanza tenganisha mabaki, kwa sababu si yote yanayostahili kuchomwa. Makapi yenye nyuzi bado yana mafuta, hivyo yachochee moto wa kuchemshia chikichi. Vikonyo vitupu, yaani mikungu iliyokwisha kutolewa chikichi, virudishwe shambani, kwani vina potasiamu nyingi ambayo mchikichi unaihitaji sana. Maganda ndiyo ya mkaa. Michikichi ya zamani aina ya dura, ambayo hutoa mafuta machache, ina maganda manene kuliko aina ya kisasa iitwayo tenera, na hapo ndipo mkulima anapofidiwa.

Toboa matundu kwenye kitako cha pipa, liinue juu ya mawe matatu, washa vijiti ndani yake, kisha ongeza maganda makavu kidogo kidogo hadi lijae. Hatua ya kufunga ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko zote. Mwanzoni hutoka moshi mweupe mzito wenye mvuke mwingi. Unapokuwa mwembamba na kuelekea rangi ya buluu, funika pipa, rundika udongo kuzunguka kitako, na uzibe kwa tope kila upenyo unaofuka. Ukichelewa utapata majivu, na ukiwahi mno mkaa utafuka moshi jikoni. Usilifungue hadi kesho yake, kwa maana mkaa wenye joto huwaka tena ukipata hewa.

Twanga mkaa kwenye kinu na uuchekeche. Kwa kila kilo 10 za unga huo, chukua unga wa muhogo usiozidi kilo 1, upikie uji, uchanganye na unga wa mkaa, kisha ukande hadi donge lishikane mkononi bila kuchuruzika maji. Shindilia kwenye vikopo, toa, na uanike juani siku 3 hadi 5. Kivunje kipande kimoja uone kama kiini kimekauka.

Mkaa huu, kama mkaa mwingine wowote, hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, kwa hiyo usiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa. Kabla ya kuuza, pima kilo 1, uipikie maharage mbele ya wateja, nao waone wenyewe unadumu kwa muda gani.