Kulala kwenye mahema kisiwa cha Rum, Scotland, mkiwa kundi

Nimetoka kuwapangia wenzangu hapa Glasgow safari ya Rum, watu wasio na haraka, wanataka watembee kidogo, wapike, wapige stori. Naweka hapa tulivyofanya.

1. Usafiri. Ratiba ya feri ya CalMac kwanza, tiketi ya treni baadaye, maana feri haiendi Rum kila siku. Treni ni Glasgow Queen Street mpaka Mallaig, bandari ya kupandia feri, masaa 5 na zaidi. Gari mnaliacha Mallaig.

2. Chakula. Kinloch, kijiji cha Rum, kuna duka dogo, msilitegemee kulisha kundi. Mchele, dengu, chai, basi. Anayekuja kwa ndege asibebe mtungi wa gesi, hauruhusiwi, anunue akishatua.

3. Kusimamisha hema bila kuliwa na visubi (midges), vidudu vidogo vinavyouma. Hapa ndo penyewe. Wapo kuanzia Mei mpaka Septemba, Juni hadi Agosti ndo balaa, kwa hiyo kama mna uhuru wa tarehe nendeni mwanzoni mwa Mei. Kisubi hapendi upepo, ukivuma kilomita 11 kwa saa hivi anashindwa kuruka, so tafuteni sehemu ya wazi iliyoinuka inayopata upepo wa bahari, achaneni na kile kikona kizuri chenye miti na majani marefu, kinavutia macho lakini jioni upepo ukitulia mkono wa shati jeupe utauona umejaa visubi, vidoti vyeusi kila mahali kama pilipili manga. Neti ya kichwa ivaliwe KABLA hema halijatoka kwenye begi, na iwe ya matundu madogo kabisa, ile ya mbu wanapita maana kisubi hafiki hata milimita 3. Dawa ya kupaka peke yake mimi siiamini. Wawili washike hema, mmoja apige vigingi, wengine wachote maji, na zipu isiachwe wazi hata dakika moja. Halafu jamani, hata mkiliwa vipi msiingize jiko ndani ya hema, moshi wake usioonekana unaua, mbali na moto wenyewe. Pikeni nje penye upepo.

4. Matembezi. Kinloch mpaka Dibidil, kama kilomita 8, kuna kibanda cha mawe cha wasafiri. Njia ni tope tupu, wekeni nusu siku. Mvua ikinyesha sana vijito vinajaa ghafla, mkikuta maji yanakwenda kasi rudini, msishikane mikono mkajaribu. Jioni kagueni kupe nyuma ya magoti na kwapani, kulungu (red deer) wengi huku, na kupe wanaleta ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria. Usiku mkisikia makelele ya ajabu huko juu ni ndege wa baharini, Manx shearwater, wanataga kwenye mashimo mlimani Hallival na Askival.

5. Kurudi. Upepo mkali feri inaahirishwa. Bakizeni chakula cha siku moja, na asiwepo mtu mwenye ndege siku hiyohiyo.